Shajara ya mradi: ukungu wa magunzi na taksi za ndani ya seli

12 Machi

Magunzi yamepatikana. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara ya Malaba amenijazia mfuko mzima bila kunidai shilingi, ila alitaka maelezo kwanza.

"Mwanangu, takataka hizi unazipeleka wapi?"

"Shuleni, mama."

"Siku hizi shule inafundisha magunzi?"

Nikamwambia sisubiri gunzi, nasubiri ukungu wa rangi ya chungwa unaoota juu yake siku ya pili au ya tatu, hasa likiwa limepita motoni kisha likanyeshewa. Alicheka. Huo yeye huufagia kila asubuhi msimu wa mvua.

Nieleze mradi wenyewe mara moja, nisije nikarudia. Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, na baada ya vipindi nina wanafunzi watano wa S5 (kidato cha tano) wanaokaa nami hadi saa 12 jioni. Darasani wanasoma kwa Kiingereza. Kwetu maabara, kwa kuwa mmoja ni Mteso, wawili ni Wajopadhola na wengine wametoka Malaba, lugha inayotuweka meza moja ni Kiswahili. Swali letu ni hili: uzi wa kuvu hurefuka kwa ncha tu. Nyuma haukui. Lakini maagizo ya kutengeneza protini yamo ndani ya viini, na viini viko nyuma ya ncha. Maagizo hayo hunakiliwa kuwa RNA mjumbe, na RNA mjumbe lazima ikutane na ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ndipo protini ipatikane. Je, nakala hizo husafiri vipi ndani ya uzi mrefu, na safari hiyo inaubadilishaje uzi?

Hadubini yetu inakuza mara 400 tu. RNA hatutaiona hata tukikesha. Kwa hiyo mradi una miguu miwili: ukungu halisi kwenye mirija, na programu ya kuigiza safari hiyo, kwa lugha ya kompyuta ya Python, kwenye kompyuta yangu kuukuu.

14 Machi

Chungwa! Magunzi manne kati ya tisa. Rangi yake ni ile ya fulana za mafundi wa barabara, na ukigusa kidogo vumbi linaruka. Kwa rangi, kasi na mahali ulipoota, huu ni ukoo wa Neurospora. Wafaransa waliandika habari zake mwaka 1843, ulipovamia viwanda vya mikate vya Paris. Nimewaeleza vijana kwa nini unapenda mahali palipoungua: spora zake za uzazi hulala usingizi mzito mpaka zipigwe na joto, kama nyuzi 60 za Selsiasi kwa nusu saa hivi. Moto ukipita, washindani wake wamekufa na yeye ndiyo kwanza anaamka.

Mpishi wa shule ametuazima sufuria ya presha, kwa sharti kwamba irudi ikiwa safi "na isinuke maabara".

17 Machi

Tumeharibu kila kitu. Sahani saba, zote zimeingiwa na ukungu mweusi, na hata ile nzuri imepata koga la kijani pembeni. Kosa ni langu. Spiriti ilikwisha, nikafuta meza kwa waragi. Waragi una alkoholi ya kama asilimia 40, na kinachoua vimelea vizuri ni asilimia 70. Maabara ilinukia kama harusi, ukungu ukaendelea na maisha yake.

Tumeanza upya. Chakula: uji mwembamba wa unga wa mahindi uliochujwa, sukari, na agari ya kugandisha. Mirija: vioo vya sentimita 30, tumevipinda ncha zote mbili juu ya moto ili chakula kisimwagike, na pamba mdomoni. Si ubunifu wetu. Ryan, Beadle na Tatum walitumia mirija ya namna hii mwaka 1943 kupima kasi ya Neurospora: unapanda upande mmoja, ukungu unakimbia kuelekea upande wa pili, wewe unachora mstari kwenye kioo kila baada ya saa kadhaa. Beadle na Tatum walikuja kupata Nobel mwaka 1958, ingawa si kwa sababu ya mirija.

21 Machi

Mirija sita, mitano safi. Mrija namba 2 umekwenda milimita 60 kwa saa 20. Yaani milimita 3 kwa saa.

Kijana mmoja aliona ni kidogo. Nikamwambia aigeuze kuwa mikromita kwa sekunde. Alipiga hesabu ubaoni: mikromita 3,000 kwa saa, 50 kwa dakika, karibu 0.8 kwa sekunde. Kisha nikawaandikia pembeni kwamba mota za protini zinazobeba mizigo ndani ya seli za kuvu huenda kama mikromita 2 kwa sekunde. Kimya. Ncha ya ukungu wetu inasonga mbele kwa karibu nusu ya mwendo wa gari linaloihudumia. Ni kama barabara inayorefuka huku taksi ikiwa njiani.

Namba hiyo imekaa kichwani mwangu tangu jana usiku. Nahisi itatusumbua.

24 Machi

Leo programu. Swali la kwanza: je, RNA ikiachwa itangetange yenyewe, bila kubebwa, itachukua muda gani?

Kutangatanga kwa molekuli hakuendi kama kutembea. Ukitaka kufika mara mbili ya umbali, unahitaji mara nne ya muda. Mara tano ya umbali, mara ishirini na tano ya muda. Furushi la RNA na protini zake ni zito, na saitoplazimu, ule ujiuji wa ndani ya seli, imejaa vitu. Tumeweka kiwango cha mtawanyiko cha mikromita za mraba 0.05 kwa sekunde, ambacho hakimpendelei mtu. Majibu:

Mikromita 10: sekunde 1,000, kama dakika 17. Mikromita 50: sekunde 25,000, karibu muda wa saa 7. Mikromita 100: zaidi ya siku nzima.

Taksi ya mikromita 2 kwa sekunde inamaliza mikromita 50 kwa sekunde 25.

RNA mjumbe nyingi za hamira (kuvu ya seli moja) huoza ndani ya dakika chache hadi makumi ya dakika. Kwa hiyo kwenye seli fupi ya mviringo kutangatanga kunatosha kabisa. Kwenye uzi wa mikromita 50 barua, yaani RNA, inaoza kabla ya kufika. Binti mmoja (ndiye mkali wa hesabu) akauliza kwa nini basi hamira, ambayo ni fupi, nayo inabeba RNA. Swali zuri kuliko nililotarajia. Hamira ikichipua, hubeba RNA iitwayo ASH1 kwenye nyuzi za aktini (reli nyingine za protini) hadi ndani ya chipukizi. Protini She2 na She3 zinaishika, mota Myo4 inaivuta. Habari hiyo ilifahamika mwaka 1997. Hapo tatizo si umbali, ni ubaguzi: protini ya Ash1 inatakiwa kwa seli binti (chipukizi) peke yake, ili seli binti isibadili jinsia yake ya kuzaliana huku seli mama ikiruhusiwa. Kwa hiyo kuna sababu mbili tofauti za kubeba barua, na tusizichanganye.

Tulizichanganya wiki hiyohiyo.

30 Machi

Hapa ndipo nimejifunza zaidi tangu tuanze, na nimejifunza kwa kukosea, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Toleo letu la kwanza la programu lilikuwa rahisi: RNA inazaliwa kwenye kiini, inapanda taksi, inashushwa nchani, inarundikana huko, ncha inakua. Picha zilitoka nzuri mno, rangi nyekundu yote imejaa mbele. Nilijisifu. Kisha nikakaa na makala kuhusu Ustilago maydis, kuvu ya fugwe ya mahindi, ile inayoacha vivimbe vyenye unga mweusi kwenye gunzi (Wameksiko huvila vikiwa vichanga na kuviita huitlacoche, sijathubutu kumwambia mama wa magunzi). Ni kuvu iliyochunguzwa sana kwa jambo hili. Kundi la Michael Feldbrügge nchini Ujerumani lilieleza mwaka 2006 jinsi protini iitwayo Rrm4 inavyokwenda huku na huku kando ya mikrotubuli, zile reli za protini zilizolala kwa urefu wa uzi, na jinsi inavyohusika na kubeba RNA mjumbe.

Huku na huku. Hayo maneno mawili niliyaruka mara ya kwanza.

Rrm4 ina sehemu tatu za kushika RNA upande mmoja, na upande mwingine ina ndoano inayonasa kwenye protini nyingine, Upa1, iliyokaa juu ya endosomu. Endosomu ni kifuko kidogo cha utando kinachosafiri kwa shughuli zake. Mota iitwayo kinesini-3 inakivuta upande mmoja wa reli, mota nyingine, dainini, inakirudisha upande wa pili. RNA haina gari lake. Imedandia gari la mtu mwingine, kama gunia la mihogo juu ya basi la abiria. Na gari hilo haliishii nchani likazima injini. Linageuza, linarudi, linageuza tena. Matokeo yake RNA nyingi zinazobebwa na Rrm4 hazirundikani nchani. Zinasambazwa sawasawa kwenye uzi mzima. Ukiiondoa Rrm4, ndipo zinarundikana, tena karibu na kiini zilikozaliwa.

Picha yetu nyekundu ya kupendeza ilikuwa uongo mtupu: tulichanganya zile sababu mbili.

Nikawaambia vijana. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyenikamata: "Mwalimu, kama RNA haipelekwi mbele, kwa nini Rrm4 ikiondolewa panaharibika mbele?" Maana nilishawaambia kwamba kuvu isiyo na Rrm4 haifi. Inaishi, inakula, lakini umbo linapotea: badala ya uzi kukua kwa ncha moja, unakua kwa ncha mbili, na unabaki mfupi.

Nilimwomba usiku mmoja wa kufikiri. Jibu liko kwenye septini. Hizi ni protini zinazoungana kuwa nyuzi nyembamba chini ya utando wa seli, na karibu na ncha inayokua huwa nyingi zaidi, kisha zinapungua kadiri unavyorudi nyuma. Ziko nne, Cdc3, Cdc10, Cdc11 na Cdc12, na zinafanya kazi zikiwa zimeshikana pamoja. RNA za zote nne hupanda endosomu. Na protini zake pia zimeonekana kwenye endosomu zilezile, tena zinakaa pale ikiwa Rrm4 ipo. Maana yake ribosomu iko kazini garini. Chakula kinapikwa ndani ya taksi! Septini nne zinatengenezwa kwenye kifuko kimoja, zinakutana palepale, zinasafiri zikiwa zimeungana hadi ncha. Bila Rrm4, septini bado zinatengenezwa, lakini kwenye endosomu hazipo, na ule mteremko wa nyuzi kutoka ncha kwenda nyuma unatoweka.

Mfano wa wanafunzi ulikuwa bora kuliko wangu. Rolex (yai lililokunjwa ndani ya chapati) inahitaji chapati, yai, nyanya na kitunguu. Ukivimwaga vitu hivyo vinne sehemu mbalimbali za mji, kila kimoja kipo, lakini rolex haipo. Muuzaji mmoja mwenye kibanda cha magurudumu ndiye anayeiunganisha, na anaiunganisha akisukuma kibanda.

Rrm4 haishiki RNA za septini tu. Utafiti uliotoka mwaka 2019 ulionyesha inagusa maelfu ya RNA za kuvu hiyo, zikiwemo nyingi za protini za mitokondria. Jenomu ya Ustilago iliyochapishwa mwaka 2006 ina jeni zipatazo 6,900, kwa hiyo tunazungumzia sehemu kubwa ya barua zote za seli. Hii ni huduma ya usafiri ya mji mzima.

Programu imefutwa. Naanza tena.

4 Aprili

Duka la pembejeo. Dada wa dukani aliponiona bila jembe alidhani nimepotea. Nilitaka kabendazimu kiasi kidogo kabisa, ile dawa ya ukungu ya unga. Inafanya kazi kwa kushika tubulini, matofali ya mikrotubuli, ili reli zisijengeke. Glavu, barakoa, na ni mimi pekee niliyepima. Vijana walisimama mlangoni.

Mirija mitatu yenye chembe ya dawa, mitatu bila.

6 Aprili

Yenye dawa imezubaa sana. Lakini lililonivutia si kasi. Chini ya hadubini nyuzi za mirija safi zinakwenda zimenyooka kama mistari ya daftari. Za mirija yenye dawa zinapinda, zinayumba kushoto na kulia, zinachipua matawi ovyo kama mtu aliyekunywa ule waragi wangu wa mezani. Ncha inakua bado, ila haijui iende wapi.

Vijana wakataka kuandika: "Tumethibitisha kwamba usafirishaji wa RNA huongoza ukuaji." Nimekataa, na tulibishana hadi mpishi akaja kuulizia sufuria yake. Reli zikivunjwa, husimamishi usafiri wa RNA peke yake. Unasimamisha vifuko vya kujenga ukuta wa seli, viini havigawanyiki vizuri, kila kitu. Ukifunga barabara ya Tororo kwenda Mbale kisha soko la Mbale likakosa nyanya, huwezi kusema umethibitisha habari za nyanya. Uzuri wa kazi ya Rrm4 na Upa1 ni kwamba watafiti waliondoa ndoano moja, reli zikabaki, mota zikabaki, endosomu nyingi zikaendelea na safari zake. Sisi tumepiga barabara kwa nyundo.

Tumeandika: "Ukungu wetu unahitaji mikrotubuli ili unyooke." Basi.

9 Aprili

Ile namba ya 21 Machi imekuja kudai chake.

Tulipanda ukungu kwenye kipande cha kioo chenye agari nyembamba, tukafunika, tukautazama ukiwa hai. Nyuma kidogo ya ukingo, ndani ya nyuzi nene, kuna mto. Sina neno jingine. Chembe, viputo na vitu vya mviringo ambavyo nadhani ni viini vinakwenda mbele kwa pamoja, vikifika kwenye ukuta wa kugawa vinapita kwenye tundu la katikati kama watu wanaotoka uwanjani kwa lango moja, vinabanana, vinafunguka, vinaendelea. Wakati mwingine mtiririko unasimama na kugeuka. Binti wa hesabu hakutoa jicho kwenye lenzi kwa dakika 40, wenzake wakalalamika.

Neurospora husukuma saitoplazimu yake yote kwa tofauti ya shinikizo. Nyuma maji yanaingia, mbele panalegea, mzigo wote unakwenda na viini vyake ndani. Sasa uzi unaokua karibu mikromita 1 kwa sekunde, ambao viini vyake vyenyewe vinasafiri na mto, una shida gani ya barua kutoka mbali? Posta imehamia mtaani. Tatizo la Ustilago ni jingine: uzi wake ni seli moja ndefu yenye saitoplazimu mbele na vyumba vitupu nyuma, polepole, bila mto wa namna hii. Kule lazima taksi.

Kwa hiyo nimechagua kiumbe kisichofaa kwa swali langu. Sijutii. Kama ningeanza na kilichofaa nisingeona mto.

Tulikata uzi mmoja kwa wembe tukitazama. Saitoplazimu ilimwagika kidogo kisha tundu la ukuta wa karibu likazibwa ghafla. Vizibo hivyo huitwa miili ya Woronin. Shangwe kama ya goli.

13 Aprili

Umeme hakuna tangu juzi. Kompyuta imekufa, programu haikuhifadhiwa. Nimepoteza kazi ya siku mbili na sina wa kumlaumu zaidi ya kidole changu.

18 Aprili

Programu mpya inafanya kazi. Safari hii septini nne zina njia mbili za kuchagua. Njia ya kwanza: kila RNA inatangatanga, kila protini inatengenezwa mahali pake, zikutane kwa bahati. Njia ya pili: zote nne juu ya taksi moja inayokwenda na kurudi. Kwenye seli fupi, ya mikromita 8, njia hizi mbili karibu zinalingana. Tukirefusha uzi hadi 50, ya kwanza inaunganisha septini karibu na kiini tu na ncha inabaki kavu. Ya pili inafikisha. Ni programu ya wanafunzi, haithibitishi kitu kuhusu kuvu yoyote, lakini imenifanya niamini hesabu ya 24 Machi kwa macho, si kwa kalamu tu.

Tumeamua muhula ujao tuache magunzi twende kwenye pamba, kwa sababu ya Ashbya gossypii. Kuvu hii iligunduliwa kwenye pamba na kuelezwa mwaka 1926, na wadudu wanaofyonza vitumba ndio wanaoieneza. Babu yangu alilima pamba hapa mashariki, zao lililoletwa Uganda mwaka 1903, na nakumbuka akilaani wale wadudu wekundu. Ndani ya uzi wa Ashbya viini vingi hukaa kwenye saitoplazimu moja, lakini kila kimoja hugawanyika kwa saa yake. Kinachowezesha hilo ni protini Whi3 kuzikusanya RNA za CLN3, zinazohusika na kugawanyika huko, kwenye vitone karibu na viini, ili zisisambae. Kinyume kabisa cha taksi za Ustilago: huku RNA inazuiwa isisafiri. Kijana aliyenikamata kwenye septini amesema hiyo ni sababu ya tatu ya kushika barua, na ameiongeza kwenye orodha yetu ukutani.

3 Mei

Likizo imeanza. Niliacha mrija namba 6 kabatini ukiwa na nafasi ya sentimita 4 mbele yake, nikidhani nitaurudia Jumatatu. Jioni hii askari wa getini amenipigia simu.

"Mwalimu, ile dudu lako limetoka."

"Limetoka wapi, mzee?"

"Limepita kwenye pamba. Liko juu ya rafu, jekundujekundu, linaelekea mkate wangu."

Nimemwomba achukue kalamu, atie alama pale lilipofika, aandike na saa. Mkate ahamishe.